Haki ya mtoto huanzia kwenye seli: Tujifunze kwa yaliyotokea Kasulo

 

Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumzie dhambi isiyokuwa na kelele. Mwizi akikamatwa mtaa mzima hutoka. Mlevi akianguka barabarani watoto humzunguka. Lakini ipo dhambi ambayo mtu huifanya nyumbani kwake miaka miwili mfululizo, huku akiwahi safu ya mbele msikitini, na asiwepo wa kumnyooshea kidole. Nayo ni kumpunja chakula yule ambaye riziki yake umekabidhiwa wewe. Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim na Abu Dawud, kwamba dhambi hii peke yake inamtosha mtu. Hebu lizingatie hilo neno kutosha. Maana yake ni kuwa hata kama huna jingine la kuulizwa, hili moja linakutosheleza kusimama mbele ya Mola wako ukiwa na hesabu nzito.

Kwa nini jambo linaloonekana dogo, la kikombe cha uji na kipande cha samaki, likapewa uzito namna hiyo? Ili tulielewe itabidi tuingie mahali ambapo macho yetu hayafiki, ndani ya mwili wa mtoto mchanga. Kisha twende Kasulo, katika Wilaya ya Ngara, ambako matokeo ya jambo hili yalikuja kupimwa kwa futi kamba.

Mwili wa kila mmoja wetu ulianza ukiwa seli moja, ndogo kuliko chembe ya mchanga. Ile moja ikagawanyika zikawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane, mpaka zikafika matrilioni. Mwenyezi Mungu katika Suratul Muuminun, aya ya 12 hadi ya 14, anatukumbusha kuwa tumepitishwa katika hatua, kuanzia udongo na tone mpaka mifupa iliyovishwa nyama. Wapo ndugu zetu wanaopenda kusema kuwa kila kilichogunduliwa maabara kilikwishaandikwa humo neno kwa neno. Mimi sioni haja ya kuibebesha Qur'an mzigo huo. Qur'an imetuamrisha kutazama na kuzingatia, na katika Suratu Abasa aya ya 24 mwanadamu ametakiwa akitazame chakula chake. Basi na tukitazame.

Seli haigawanyiki bure. Kabla ya kuwa mbili inatakiwa kwanza ikue, yaani iongeze protini, iongeze mafuta ya kuta zake, na inakili maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani yake. Maandishi hayo ni herufi kama bilioni 3 alizotoa baba na bilioni 3 nyingine alizotoa mama. Kila herufi inayonakiliwa ina gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa sarafu moja ambayo wataalamu huiita ATP. Ni kijichembe kinachobeba nishati kutoka pale inapotengenezwa kwenda pale inapohitajika. Mtu mzima hutengeneza na kutumia kwa siku moja ATP ambayo uzito wake unakaribia uzito wa mwili wake mwenyewe, wakati iliyopo mwilini kwa dakika yoyote haifiki hata nusu kilo. Ina maana hakuna ghala la sarafu hiyo. Inatengenezwa, inatumika, inatengenezwa tena, usiku na mchana, hata ukiwa umelala.

Inatengenezwa wapi? Wasomaji wa Ngara wana mfano karibu na nyumbani. Pale Rusumo, mahali ambapo Mto Kagera unaporomoka mpakani baada ya kupokea maji ya Ruvubu, umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawiwa nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi. Maji hushuka kwa nguvu, huzungusha mashine, mashine huzaa umeme. Ndani ya seli zetu mna vyumba vidogo vinavyoitwa mitokondria, navyo hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa namna ya kushangaza. Chakula kikishachomwa polepole kwa hewa ya oksijeni, nishati yake hutumika kusukuma chembe za haidrojeni upande mmoja wa ukuta mwembamba zijazane huko, kama maji nyuma ya bwawa. Zinaporudi upande wa pili hupita katika kijimashine ambacho huzunguka hasa, na katika kuzunguka kwake ATP hutengenezwa. Peter Mitchell wa Uingereza alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978 kwa kueleza habari ya hilo bwawa, na mwaka 1997 Paul Boyer na John Walker walipata sehemu ya tuzo hiyo kwa kueleza kijimashine chenyewe. Subhanallah! Mitambo ya Rusumo imechukua miaka mingi ya vikao, mikopo na saruji. Huyu mtoto anayetambaa mkekani anayo mitambo kama hiyo kwa mabilioni, na yote ameirithi kwa mama yake. Katika mitokondria baba hana mchango. Yule sahaba aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) ni nani anayestahiki zaidi wema wake akajibiwa mama mara tatu kabla ya kutajiwa baba, hakuwa anaulizia habari za seli, lakini sisi tuliokuja baadaye tunayo sababu moja zaidi ya kulikubali jibu lile.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno. Seli inajuaje kuwa chakula kipo cha kutosha ili igawanyike? Mwenyezi Mungu ameiwekea mizani. Mwaka 1991 watafiti watatu, Joseph Heitman, Rao Movva na Michael Hall, waliokuwa wakifanya kazi Basel, Uswisi, waliigundua katika hamira protini ambayo imepewa jina la TOR. Protini hiyo ikihisi kuwa nishati na viini vya protini vipo, huiruhusu seli kukua. Ipo nyingine, inaitwa AMPK, ambayo hupiga kengele pale ATP inapopungua. Kengele hiyo ikilia, ujenzi husimama, mgawanyiko husimama, na seli huanza kutumia kilichomo ndani yake ili isife. Seli yenye afya haijitwishi mgawanyiko ambao haina riziki yake. Wapo akina baba wengi ambao wangefaa kwenda kuisomea seli hiyo!

Na hapa ndipo tunaielewa dhambi isiyo na kelele. Chakula kinapokuwa haba, mwili wa mtoto haukati matumizi yote kwa pamoja. Moyo haupunguziwi. Pumzi haipunguziwi. Ubongo wa mtoto mchanga, ambao peke yake hula zaidi ya nusu ya nishati yote ya mwili uliotulia, hutetewa kadiri inavyowezekana. Kinachokatwa mapema ni ukuaji. Kwenye ncha za mifupa mirefu kuna gegedu ambazo seli zake hugawanyika na kujipanga safu kwa safu, na huko ndiko urefu wa mtu unakotoka. Chakula kikipungua, safu hizo husimama. Mtoto anaendelea kucheka, anaendelea kucheza na kuku uani, baba akirudi jioni anamwona mzima. Hajakonda sana, hajavimba, wala halii kupita kiasi. Ila hakui. Hiyo ndiyo hali inayoitwa udumavu, na ubaya wake ni kwamba mtoto wa jirani naye yuko hivyo hivyo, kwa hiyo inaonekana ndivyo watoto walivyo.

Gegedu si peke yake. Ngozi laini inayofunika utumbo kwa ndani hufanywa upya kila baada ya siku 3 hadi 5, kwa kuwa seli zake huchakaa na kufa haraka. Zisipopata nishati ya kugawanyika, utumbo hukwanguka na kubaki bapa, na hata chakula kidogo kinachoingia hakinyonywi vizuri, mtoto akaharisha. Kuharisha kunapoteza zaidi. Halafu askari wa mwili nao wanatakiwa wagawanyike kwa maelfu kila kijidudu kinapoingia, na askari wasiopewa posho hawaongezeki. Ndiyo maana surua ambayo kwa mtoto aliyeshiba hupita, kwa mtoto mwenye utapiamlo huua. Homa ikipanda kwa nyuzi moja tu, mwili hudai nishati zaidi kwa takriban asilimia 10 au kuzidi hapo. Kwa hiyo maradhi hula chakula cha ukuaji, na njaa hufungua mlango wa maradhi. Mtoto anazunguka humo kama ng'ombe wa kukamua mafuta.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Siku za mwisho wa mwezi Aprili mwaka 1994, watu wanaokadiriwa kufika robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Wakapokelewa Kasulo, mahali palipokuwa na kambi ya kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, kampuni iliyoitwa Benaco, na jina hilo ndilo lililobaki mpaka leo kwenye kituo cha malori kinachoelekea Rwanda na Burundi. Katika muda mfupi wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa Wilaya nzima ya Ngara. Miti ilikatwa kwa kuni. Visima na vijito vikazidiwa. Maradhi ya kuambukiza yakatembea pande zote mbili, kambini na vijijini. Wakimbizi wale walirejeshwa kwao Desemba 1996.

Wenyeji wa Kasulo na vijiji jirani walifanya jambo ambalo Suratul Hashr aya ya 9 inawasifu kwalo Ansari wa Madina, waliowatanguliza wageni kuliko nafsi zao ijapokuwa wao wenyewe walikuwa na dhiki. Hilo tusilisahau, na wala kisisemwe hapa kitu cha kuwalaumu wakimbizi. Waliokuja walikuja wakikimbia damu, na watoto wao waliteseka zaidi.

Lakini baadaye ikafanyika hesabu. Mkoa wa Kagera ulikuwa na bahati moja isiyo ya kawaida. Kati ya mwaka 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wamepima kaya zaidi ya 800 mkoani humo, wakachukua uzito na urefu wa watoto, na watu wale wale wakafuatwa tena mwaka 2004. Mtafiti Javier Baez alizitumia takwimu hizo kulinganisha watoto wa upande wa magharibi, waliokuwa karibu na makambi, na wale wa upande wa mashariki ambako wakimbizi hawakufika. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2011. Alikuta kuwa watoto wa wenyeji waliokuwa wadogo wakati wa ujio ule walizidiwa na maradhi ya kuambukiza, na vifo vya walio chini ya miaka mitano viliongezeka. Walionusurika, walipofikia utu uzima wa mwanzo, walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.8 kuliko walivyotarajiwa kuwa, na masomo yao yalipungua, na kusoma na kuandika kukapungua pia.

Sentimita 1.8. Mtu anaweza kucheka, akasema urefu wa kidole kizima haufiki. Ndugu msomaji, usiucheke urefu huo. Urefu ni daftari tu. Safu zile za gegedu zilizosimama mwaka 1994 na 1995 zinatuambia kuwa katika mwili ule ule, mwaka ule ule, utumbo nao ulikuwa haujengeki, askari walikuwa hawaongezeki, na ubongo ulikuwa unagombania sarafu na homa. Ubongo hatuwezi kuupima kwa futi kamba. Tunaupima darasani, na darasani nako ulipungua.

Kuna jambo jingine ambalo linanisumbua zaidi. Watafiti wengine, Jennifer Alix-Garcia na David Saah, waliangalia masoko ya upande huo wa nchi kipindi kile. Waligundua kuwa bei ya vyakula ambavyo havikuwamo katika msaada, kama ndizi, ilipanda sana karibu na makambi, na kwamba kaya za vijijini ziliongeza mali. Maana yake kulikuwa na watu waliouza na kupata. Fedha iliingia. Lakini fedha ikiingia mfukoni mwa baba haipiti moja kwa moja kwenda kwenye gegedu za mtoto. Lazima ipite kwanza kwenye kikombe cha uji, na njiani kuna vituo vingi.

Wakati wa dhiki mtu mzima anaweza kuamua kulala njaa kwa ajili ya mgeni, na Mola wake akamlipa. Mtoto wa miezi 8 hakuulizwa. Ansari walijitolea haki zao wenyewe, na kwa ule ambao haki yake iko mikononi mwako huna ruhusa ya kujitolea. Mwanamke aliyemfungia paka ndani, asimlishe wala asimwachie akajitafutie, ameelezwa katika Bukhari na Muslim kuwa aliingia motoni kwa sababu hiyo. Mtoto mchanga hana hata uwezo wa paka. Ukimfungulia mlango ataenda wapi?

Makambi ya Kasulo yamekwisha kufungwa siku nyingi, na aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye watoto. Je, tatizo limekwisha? Utafiti wa taifa wa afya uliofanyika mwaka 2022 ulikuta kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kagera ilikuwa juu ya wastani huo. Kagera, ndugu zangu! Mkoa wa migomba, maharage, parachichi, maziwa na ziwa lenye dagaa. Hatuzungumzii jangwa. Tunazungumzia nchi ambayo mkungu unapakiwa kwenye lori alfajiri, na mtoto wa mwenye shamba anaachiwa ndizi iliyochemshwa kwa maji na chumvi.

Na sehemu ya ndizi hata kwenye lori haifiki. Huvundikwa ziive, zikakamuliwa, juisi ikachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, ikaachwa ichachuke. Kuhusu uharamu wa pombe sina haja ya kuwakumbusha wasomaji wa ukurasa huu. Nataka tuangalie kinachotokea mle ndani ya mtumbwi wa pombe. Hamira ni kiumbe cha seli moja. Inapokutana na sukari ya ndizi, mizani zake za TOR husema riziki ipo, nayo huanza kukua na kugawanyika, mbili, nne, nane, kila baada ya saa moja na nusu au mbili. Nayo hufanya ubadhirifu wa ajabu. Seli ikiichoma glukozi moja kikamilifu kwa oksijeni, hupata ATP kama 30. Hamira mle mtumbwini huivunja glukozi hiyo nusunusu, ikajipatia ATP 2 tu, na kinachobaki ikakitema kama kilevi. Kwa hiyo ile ndizi imejenga seli kweli, ila seli zilizoongezeka ni za hamira. Za mtoto zimebaki zinasubiri.

Turudi kwenye sharia, kwani hukumu iko wazi. Suratul Baqara aya ya 233 ni maarufu kwetu kwa kutaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Wengi huishia hapo. Lakini aya inaendelea, na inapoendelea haimtaji mtoto, inamtaja mama. Inamwajibisha baba kumlisha na kumvisha mama kwa wema, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Sababu yake iko wazi kwa mwenye kuzingatia. Katika miezi 6 ya mwanzo mtoto hahitaji kitu kingine zaidi ya ziwa, na kwa mtoto mwenye umri huo njia ya halali ya kumlisha ni kumlisha mama yake. Sahani anayoletewa mwanamke anayenyonyesha, au mwenye mimba, ni sahani ya watu wawili. Kwa ajili hiyo hiyo Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa mjamzito na mnyonyeshaji wamepewa ruhusa katika funga. Wanazuoni wamekhitalifiana katika namna ya kulipa, amuulize sheikh wake. Lakini ile tabia ya mume au mama mkwe kumwona mwanamke huyo ni mvivu kwa kuitumia ruhusa aliyopewa na Mola wake, haina mwanachuoni anayeiunga mkono.

Na mume akiwa bahili je? Hind binti Utba (Allah amridhie) alimshtaki mumewe Abu Sufyan kwa Mtume (s.a.w.), kwamba hampi cha kumtosha yeye na mtoto wake. Akaruhusiwa achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na mtoto kwa wema, hata bila ya mume kujua. Hadithi imo ndani ya Bukhari na Muslim. Mali ya mtu imelindwa sana katika Uislamu, tunalijua hilo, na mkono wa mwizi tunajua hukumu yake. Pamoja na ulinzi wote huo, chakula cha mtoto kimefunguliwa mlango. Akina mama wa Kasulo wanaoficha kikapu cha maharage kisiuzwe wote, ili watoto wapate cha kuunga, wasifanywe wezi mbele ya baraza la ukoo.

Tusiseme pia kwamba kila kosa ni la baba. Kuna kutokujua. Tumbo la mtoto wa miezi 8 linabeba kiasi cha kikombe kimoja tu. Ukimjaza uji mwepesi wa mahindi, atashiba maji, atalala, na seli zake zitalala njaa. Uji unatakiwa uwe mzito, utiwe karanga iliyosagwa, au mafuta, au maziwa, au maharage yaliyopondwa na kuchujwa ganda, au dagaa wa unga, au parachichi ambalo linaoza chini ya mti. Watoto wa umri huo hulishwa mara 2 au 3 kwa siku mbali na ziwa, na wakipita miezi 9 mara 3 au 4. Mama anayekwenda shamba asubuhi akarudi alasiri hawezi kuyatimiza hayo peke yake, na hapo ndipo bibi, dada mkubwa na baba mwenyewe wanapoingia. Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwake, kama alivyosimulia Bibi Aisha (Allah amridhie). Kukoroga uji hakuondoi utu uzima wa mtu.

Uji mzito una tabu yake, mtoto hawezi kuumeza. Dawa yake wanaijua akina mama wa Kagera kuliko daktari, nayo ni kimea. Mtama au ulezi ukilowekwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa, kijiko chake kimoja kikitiwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo huulainisha ukawa wa kunyweka, bila ya kuongezwa maji, na nishati yote ikabaki humo. Wataalamu wa lishe nchini walikuwa wakihimiza jambo hilo tangu miaka ya 1980. Ujuzi wa kuotesha nafaka upo tayari katika nyumba nyingi, ila umezoea kupelekwa kwenye pombe. Uhamishwe tu jiko.

Mwisho, tusiwaachie watu wa nyumba moja moja mzigo wote. Kuna kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar bin Khattab (Allah amridhie), alichokipokea Ibn Saad. Alikuwa akilinda usiku nje ya Madina penye msafara wa wageni, akasikia mtoto analia, akamuasa mama yake amtulize. Akapita tena mtoto analia. Mara ya tatu akamlaumu yule mama, naye bila ya kumtambua akamweleza kuwa anamwachisha ziwa mtoto kabla ya wakati, kwa sababu Khalifa Umar hatoi posho ila kwa watoto walioachishwa. Umar alisalisha Alfajiri huku analia, hata watu wasisikie vizuri kisomo chake. Kisha akatoa tangazo katika miji yote kuwa watoto wasiharakishwe kuachishwa, na kwamba kuanzia siku ile kila mtoto wa Kiislamu ataandikiwa posho tangu anapozaliwa. Kanuni ya serikali yake ilikuwa nzuri machoni, lakini ilikuwa inakata maziwa ya watoto, na alipojua hakuitetea.

Kasulo hatuna Baitul Mali ya Umar. Tuna misikiti yenye mifuko yake, tuna zakatul fitri, ambayo ni kiasi cha kilo 2 na nusu hivi za chakula kwa kila kichwa, na tuna kamati za akina mama zinazojua mlango kwa mlango nani ana mimba na nani ananyonyesha. Mimba ni siku kama 270, miaka miwili ni siku 730, jumla siku 1,000. Kamati ya msikiti ikiwa na daftari la majina ya walio ndani ya siku hizo, wenye dhiki wakatengewa karanga, maharage na maziwa kutokana na kinachokusanywa, na urefu wa watoto wao ukaandikwa kila mwezi kwenye kadi zao za kliniki, daftari hilo linaweza kuanza Ijumaa hii, kabla shehena ya ndizi ya msimu huu haijapakiwa.